Mnorwei aliyeuliza dhahabu imetoka wapi

Katika maazimio ya mkutano wa kimataifa wa fedha uliofanyika Bretton Woods, Marekani, Julai 1944, limo moja, la tano kwa hesabu, ambalo hata wachambuzi wetu wa fedha hulipita bila kulitazama. Linapendekeza kwamba Benki ya Malipo ya Kimataifa, ile yenye makao yake Basel, Uswisi, ivunjwe mapema iwezekanavyo. Mkutano wa nchi 44 ulilipitisha, likaandikwa kwenye hati ya mwisho pamoja na yale yaliyozaa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) na Benki ya Dunia. Leo benki hiyo ina mnara wake palepale Basel, karibu na stesheni ya reli, na wanachama wake ni benki kuu 63. Hakuna aliyewahi kuivunja.

Aliyeileta hoja hiyo hakuwa Mmarekani wala Mwingereza. Alikuwa Wilhelm Keilhau, kiongozi wa ujumbe wa Norwei, mwanahistoria na mchumi kwa pamoja. Alizaliwa mwaka 1888 Kristiania, mji ambao sasa unaitwa Oslo, akafariki mwaka 1954. Katika vitabu vingi vya Bretton Woods anapewa sentensi moja au mbili, kama mtu aliyepita nyuma ya maharusi wakati picha inapigwa. Nadhani anastahili zaidi ya hapo, na sisemi hivyo kwa kumwonea huruma. Hoja yake ilikuwa na sehemu mbili. Wakubwa walichukua ile ya kwanza wakaiacha ya pili, na hiyo waliyoiacha ndiyo iliyokuwa na uzito.

Alianza na uchumi. Tasnifu yake ya mwaka 1916 ilihusu nadharia ya pango la ardhi, yaani kwa nini mwenye shamba hulipwa kwa kuwa na shamba tu, hata kama hajawahi kushika jembe. Lakini hebu tazama huo mwaka. Vita Kuu ya Kwanza imepamba moto, Norwei haimo vitani, na pesa zinaingia nchini kama maji ya mafuriko. Nauli za meli zimepaa. Watu ambao jana walikuwa makarani wananunua hisa za kampuni za meli asubuhi, wanaziuza jioni, wanakunywa faida usiku. Wanorwei wenyewe wanakiita kipindi hicho jobbetid, wakati wa walanguzi. Na huku walanguzi wakinenepa, mabaharia walikuwa wanazama. Mpaka vita vinamalizika, karibu nusu ya tani za meli za biashara za nchi hiyo zilikuwa chini ya bahari, na mabaharia wapatao 2,000 walikuwa wamekufa, raia wa nchi ambayo rasmi haikuwa na ugomvi na mtu yeyote.

Kijana anayesomea pango na faida katika mazingira hayo hawezi kuamini kwamba uchumi ni hesabu tupu za ubaoni. Keilhau alikuja kukiandika kipindi hicho kwa kina. Sehemu ya Norwei katika kitabu cha mwaka 1930 kuhusu nchi za Skandinavia wakati wa vita hivyo, kilichotolewa chini ya taasisi ya Carnegie, ni ya kwake. Ni habari ya nchi ndogo inayobanwa mbavu pande zote mbili. Mwaka 1916 Uingereza ilifanya mkataba wa kununua samaki wa Norwei ili wasiishie kwenye sahani za Wajerumani. Ilipoona Wanorwei wanacheza na masharti, ikawakatia makaa ya mawe mwezi Desemba, na anayejua Desemba ya kule anajua maana yake. Upande wa pili nyambizi za Ujerumani hazikuuliza bendera. Kutokuwa na upande kulikuwa na bei yake, na bei hiyo haikupangwa Oslo.

Kisha akageukia historia kwa mapana. Kati ya mwisho wa miaka ya 1920 na 1938 aliandika juzuu za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 katika mfululizo mkubwa wa maisha na historia ya watu wa Norwei. Mfululizo huo ulikuwa na waandishi wa kila rangi. Mmoja wao, Edvard Bull, alikuwa mtu wa Karl Marx waziwazi, na aliwahi kuwa waziri wa mambo ya nje katika serikali ya kwanza ya chama cha wafanyakazi, ile ya mwaka 1928 iliyodumu wiki chache tu. Keilhau alikuwa mliberali wa soko huria. Kwamba watu hao wawili walikaa ndani ya jalada la mfululizo mmoja ni jambo la kupendeza, na sijui kama ingewezekana kwetu leo bila mmoja wao kuhama mchapishaji.

Mkondo mmoja wa historia hiyo unanivutia kuliko mingine, nao ni wa pesa. Norwei ilipojitenga na Denmark mwaka 1814 na kuangukia kwenye muungano na Uswidi, ilirithi noti ambazo thamani yake ilikuwa imeyeyuka. Mwaka 1816 ikaanzishwa benki kuu, Norges Bank, lakini benki bila mtaji ni duka lenye kibao tu. Wananchi waliombwa wachange kwa hiari. Hawakuchangia vya kutosha, kwa hiyo ikaja kodi ya fedha, fedha yenyewe ya madini: mwenye nacho akatakiwa apeleke sarafu zake na hata vyombo vyake vya fedha, vijiko na mabirika, na badala yake akapewa hisa za benki. Ndivyo benki kuu ya nchi masikini ya wavuvi na wakulima ilivyojazwa hazina, kwa vijiko vya watu. Iliwachukua mpaka mwaka 1842 kuifikisha noti kwenye thamani kamili ya fedha iliyoahidiwa. Mwaka 1875 wakaingia kwenye sarafu mpya, krone, na umoja wa sarafu wa Skandinavia.

Halafu zikaja baraka za vita na laana zake. Gavana Nicolai Rygg, aliyeshika benki kuanzia mwaka 1920, aliamini kwamba krone iliyoporomoka lazima irudishwe kwenye thamani yake ya dhahabu ya zamani, yaani kiasi kilekile cha dhahabu ambacho benki iliahidi kutoa kwa kila krone, kwa sababu ahadi ni ahadi. Akaminya. Bei zikashuka, lakini madeni hayakushuka. Mkulima aliyekopa krone nyepesi akatakiwa alipe krone nzito. Mabenki makubwa ya biashara yakaanguka, mashamba yakapigwa mnada. Krone ilirudi kwenye dhahabu tarehe 1 Mei 1928, ushindi mkubwa, na mwezi Septemba 1931 Norwei ikalazimika kuiacha tena dhahabu baada ya Uingereza kuitosa. Miaka mitatu na ushei. Sijaona mfano mzuri kuliko huu wa jinsi nchi inavyoweza kuumia kwa ajili ya heshima ya namba.

Keilhau aliikusanya historia hiyo yote baadaye katika kitabu chake cha mwaka 1952 kuhusu historia ya pesa ya Norwei. Ninayataja haya kwa urefu kwa sababu huwezi kuielewa hoja yake ya mwaka 1944 bila kujua kwamba kwa mtu huyu dhahabu haikuwa namba kwenye karatasi. Kila kipande kilikuwa na safari nyuma yake na watu waliokitoa. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wanawaambia wenye maduka. Keilhau angeweza kuipeleka methali hiyo kwa magavana wa benki kuu.

Tarehe 9 Aprili 1940 Ujerumani iliivamia Norwei. Alfajiri ile meli ya kivita ya Blücher ilizamishwa na mizinga na topido za ngome ya Oscarsborg ikielekea Oslo, na saa chache zilizopatikana kwa kuchelewa huko zilitosha kumwondoa mfalme, serikali, bunge, na kitu kingine: karibu tani 50 za dhahabu ya Norges Bank. Malori yalipakia makasha na mapipa, yakaondoka kuelekea Lillehammer. Kutoka hapo dhahabu ilikwenda kwa treni mpaka Åndalsnes, nyingine ikafika Molde, mji uliokuwa unawaka kwa mabomu, na sehemu ya mwisho ikasafirishwa kwa boti za wavuvi kandokando ya pwani mpaka Tromsø, kabla ya kupakiwa kwenye manowari ya Uingereza. Mshairi Nordahl Grieg alikuwa mmoja wa waliosindikiza mzigo huo. Hatimaye dhahabu ilivuka Atlantiki na kuhifadhiwa Marekani na Kanada.

Matokeo yake zikawapo Norges Bank mbili. Moja ilibaki Oslo pamoja na Rygg, na Wajerumani wakaitumia kama mfuko wao: gharama za jeshi la uvamizi ziliandikwa kwenye akaunti moja ambayo mpaka mwaka 1945 ilikuwa imefika zaidi ya krone bilioni 11. Nyingine ilihamia London na serikali ya uhamishoni, na Keilhau akawa mmoja wa wakurugenzi wake. Hiyo ya London haikuwa ombaomba. Ilikuwa na dhahabu yake, na serikali yake ilikuwa na mapato ya meli zaidi ya 1,000 za biashara zilizokuwa zikisafirisha mizigo ya Washirika, yaani nchi zilizopigana na Ujerumani. Wengi wa waliohamia London enzi zile waliishi kwa mkopo wa wenyeji. Wanorwei walilipa bili zao.

Nikikumbuka London ya miaka ile nakumbuka taasisi nyingine iliyokuwa na ofisi yake humohumo, Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyotoa shilingi iliyotumika Mombasa, Kampala, Dar es Salaam na Unguja. Benki ya Wanorwei ilikuwa London kwa kukimbia, ikisubiri kurudi kwao. Bodi ya pesa yetu ilikuwa London kwa sababu huko ndiko ilikodhaniwa kuwa ni kwake.

Sasa twende Bretton Woods. Hoteli ya Mount Washington, New Hampshire, Julai mosi hadi 22, wajumbe zaidi ya 700. Mkutano uliitwa kuijenga dunia ya fedha baada ya vita, na waliokuwa wanapimana nguvu walikuwa Harry Dexter White wa Marekani na John Maynard Keynes wa Uingereza. Kwa nchi ndogo hesabu ilikuwa wazi. Kila mwanachama wa IMF angepata kura 250 za kuanzia, na kura moja zaidi kwa kila dola 100,000 za mchango wake. Marekani, yenye mchango wa dola milioni 2,750, ikapata kura 27,750. Norwei, dola milioni 50, kura 750. Ethiopia, dola milioni 6, kura 310. Kwa Afrika walikuwapo Ethiopia, Misri, Liberia na Afrika Kusini ya makaburu na Waingereza. Katika ujumbe wa Ethiopia alikuwamo George Blowers, gavana wa benki yao ya taifa, naye alikuwa Mmarekani. Hiyo ndiyo dunia iliyokaa mezani.

Katika meza ya namna hiyo mwenye kura 750 hana haja ya kuhesabu kura. Ana haja ya kuwa na neno. Na tarehe 10 Julai Keilhau alilitoa: Benki ya Basel ivunjwe, na serikali zilizo vitani na Ujerumani ziunde tume ya kuchunguza uendeshaji wa benki hiyo na miamala yake tangu vita vilipoanza.

Kwa nini Basel? Benki hiyo ilianzishwa mwaka 1930 kushughulikia fidia ambazo Ujerumani ilitakiwa kulipa kwa vita vya kwanza. Norges Bank yenyewe ilikuwa mwanachama. Fidia zilipokufa, benki ikabaki kama klabu ya magavana, mahali pa kukutana mwisho wa juma na kuelewana bila waandishi wa habari. Vita vilipokuja haikufungwa. Rais wake alikuwa Mmarekani, Thomas McKittrick, na kwenye bodi yake waliendelea kuwamo Walther Funk na Emil Puhl wa benki kuu ya Hitler, pamoja na Waingereza. Watoto wao wakiuana angani, majina yao yalikuwa kwenye orodha moja ya wakurugenzi. Funk baadaye alihukumiwa kifungo cha maisha kwenye mahakama ya Nuremberg iliyowahukumu viongozi wa Kinazi.

Lililowachoma watu zaidi lilitokea kabla ya vita. Machi 1939 majeshi ya Ujerumani yaliingia Prague. Siku chache baadaye ikafika Basel amri ya kuhamisha tani 23.1 za dhahabu kutoka hesabu ya benki kuu ya Chekoslovakia kwenda hesabu ya benki kuu ya Ujerumani. Amri ilikuwa na sahihi sahihi. Waliotia sahihi walikuwa wakurugenzi halali wa benki ya Prague, na nyuma yao walisimama watu wa Hitler. Basel ikaona sahihi, haikutaka kuona aliyesimama nyuma, ikahamisha.

Aliyekuwa rais wa benki hiyo siku hizo alikuwa Mholanzi, Johan Willem Beyen. Na mwezi Julai 1944 Beyen alikuwa palepale Bretton Woods, akiongoza ujumbe wa Uholanzi. Picha hii sijaona ikitiliwa mkazo wa kutosha. Watu wawili wa nchi ndogo, zote mbili zimekaliwa na Wajerumani, serikali zao zote mbili ziko London, mmoja anataka benki ichunguzwe na mwingine ndiye aliyekuwa ameshika kalamu. Beyen hakuwa shetani. Baadaye alikuwa waziri wa mambo ya nje na mmoja wa waasisi wa soko la pamoja la Ulaya. Utetezi wa upande wake unaeleweka na yeyote aliyewahi kukaa nyuma ya kaunta ya benki: mteja akileta hati iliyokamilika, karani hana mamlaka ya kuuliza moyo wake. Benki ikianza kuchagua sahihi za kuamini na za kukataa, kesho nani ataweka amana?

Hapo ndipo fani mbili za Keilhau zinapoonekana. Mchumi wa kawaida chumbani mle aliitazama Benki ya Basel akauliza kama inahitajika: IMF inazaliwa, je, kazi zao zitagongana? Ni swali la matumizi, linaangalia mbele. Mwanahistoria anauliza kitu kimelala wapi kabla hakijafika hapa, na ni nani aliyenyang'anywa. Hoja ya Keilhau ilibeba maswali yote mawili. Kuivunja benki lilikuwa jibu la mchumi. Tume ya uchunguzi lilikuwa dai la mwanahistoria.

Keynes alikasirika. Aliona kuna mkono wa Wizara ya Fedha ya Marekani nyuma ya Mnorwei huyu, na hakuwa amepotea kabisa: White na waziri wake Henry Morgenthau waliitaka sana hoja hiyo ipite, ingawa Dean Acheson wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hakuipenda. Jioni ya tarehe 19 Julai Keynes alipanda kwenda chumbani kwa Morgenthau akiwa amejaa hasira kuhusu jambo hilo, na usiku uleule moyo wake ukamsumbua. Ulikuwa mshtuko mdogo, lakini ulitosha kuwatisha watu hotelini.

Je, Keilhau alitumiwa? Swali hili huulizwa kila mtu wa nchi ndogo anapofungua mdomo, na mimi linanichosha. Mnyonge akinyamaza anaambiwa hana hoja, akisema anatafutwa aliyemwandikia. Mtu ambaye nchi yake ilikuwa inakamuliwa kwa akaunti ya krone bilioni 11, na ambaye dhahabu ya benki yake ilinusurika kwa saa chache tu, hakuhitaji Mmarekani wa kumfundisha kuhoji wizi wa dhahabu. Kama Wamarekani walimsukuma, walimsukuma alikokuwa anakwenda.

Lakini hapa ndipo nina lawama kwake. Alikubali mapatano. Uholanzi ilipinga, Waingereza wakaleta maneno yao mbadala, vikao vikaendelea, na azimio lililotoka likasema benki ivunjwe "mapema iwezekanavyo". Tume ya uchunguzi ikaondolewa. Funika kombe mwanaharamu apite. Ningekuwa na nafasi ya kumshauri, ningemwambia auze kinyume chake: waache benki yao iwe hai, lakini wafungue vitabu. Kuivunja benki kunahitaji wenye hisa wapige kura, na wenye hisa walikuwa benki kuu zilezile za Ulaya zilizoipenda klabu yao. Uchunguzi ulihitaji serikali chache zenye hasira, na mwaka 1944 hasira ilikuwapo tele.

Yaliyofuata yalikwenda kama yanavyokwendaga. Roosevelt alifariki Aprili 1945, Morgenthau akaondoka wizarani miezi michache baadaye, na waliobaki hawakuwa na kisasi na Basel. Ulaya ilikuwa haina dola, nchi zikidaiana huku na huku, na ghafla benki yenye makarani waliozoea kulipana kimataifa ikaonekana ya maana. Mwaka 1948 Basel ilirudisha kilo 3,740 za dhahabu iliyothibitika kuwa ya kuporwa, Marekani ikaacha kulisukuma azimio, mambo yakaisha. Mwaka 1950 benki ile ile ikawa wakala wa Umoja wa Malipo wa Ulaya. Siku hizi hukaribisha kamati inayoweka vipimo vya mtaji wa mabenki duniani, ndiyo maana jina Basel linatajwa hata kwenye kanuni za Benki Kuu ya Kenya na Benki Kuu ya Tanzania. Hakuna kati ya hizo iliyo mwanachama. Kwa bara letu wamo Afrika Kusini, Algeria na Morocco.

Hizo kilo 3,740 zinahitaji kuelezwa, kwa sababu sehemu ya njia yake inapita Afrika. Mwaka 1940 Ubelgiji, ikiona hatari, ilikabidhi karibu tani 200 za dhahabu yake kwa Ufaransa. Wafaransa wakaipakia melini mpaka Dakar, kisha ikasogezwa ndani mpaka Kayes, katika Mali ya leo, mbali na bahari. Ufaransa ilipoanguka, serikali ya Vichy, ile ya Wafaransa walioshirikiana na Ujerumani, ikakubali kuikabidhi kwa Wajerumani. Safari ya kuirudisha ilichukua zaidi ya mwaka: reli, boti za mto Niger, malori, ngamia kuvuka Sahara, ndege kutoka Algiers. Waliobeba makasha yale kwenye joto lile hawamo kwenye daftari lolote nililowahi kuliona. Berlin ikayayeyusha matofali, ikayapiga muhuri upya kwa tarehe za kabla ya vita ili yaonekane ni mali ya zamani ya Ujerumani, na mengine yakatumika kulipia bidhaa na madeni nje. Baadhi ya dhahabu ya Ubelgiji na Uholanzi ikaishia Basel, ikapokelewa.

Muhuri wa tarehe ya uongo ni kitu ambacho mchumi hawezi kukigundua kwa kupima uzito. Dhahabu ni dhahabu, karati ni zilezile. Anayeweza kukigundua ni mtu mwenye subira ya kulinganisha vitabu, na ndiyo kazi ambayo tume ya Keilhau ingeifanya mashahidi wakiwa hai.

Yeye alirudi Oslo. Norwei ilibadilisha noti zake Septemba 1945 kuukausha wingi wa pesa ulioachwa na uvamizi, kisha serikali ya Einar Gerhardsen ikaanza kupanga uchumi kwa msaada wa wanafunzi wa Ragnar Frisch, yule aliyekuja kushirikiana na Jan Tinbergen katika tuzo ya kwanza ya Nobel ya uchumi mwaka 1969. Kwa mliberali kama Keilhau hayo hayakuwa majira yake. Mwaka 1951 alitoa kitabu kwa Kiingereza kuhusu kanuni za mipango ya watu binafsi na ya umma, mwaka uliofuata ile historia ya pesa, na mwaka 1954 akafariki. Frisch alibaki na wanafunzi na hesabu. Keilhau hakuacha shule ya fikra, na nadhani hilo ndilo lililomsahaulisha haraka kuliko Bretton Woods.

Mwaka 1997 Benki ya Basel, ikibanwa na mjadala mkubwa wa dhahabu ya Wanazi uliozikumba benki za Uswisi, ilichapisha maelezo ya shughuli zake za dhahabu na benki kuu ya Hitler na kufungua kumbukumbu zake. Ikaonekana kwamba wakati wa vita ilipokea kutoka Berlin tani 13.5. Kati ya ombi la Keilhau na maelezo hayo ilikuwa imepita miaka 53.

Upande wa Norwei, ile dhahabu ya mwaka 1940, iliyopitia malori, treni, bandari inayoungua na boti za wavuvi waliozoea kubeba samaki, ilihesabiwa pia ilipofika. Pipa moja la sarafu lilikuwa limepasuka njiani. Katika karibu tani 50 zilizotoka Oslo, zilipungua sarafu 297.